Mstari wa Posho

Tulipomzika Mwalimu Barasa mwezi uliopita, walinipa kipaza sauti nami nikadanganya. Sikudanganya kwa nia mbaya. Ni ule uongo wa matangani, wa kumsifu mtu kwa yale aliyoyafanya na kuyanyamazia yale yaliyofanyika pamoja nayo. Nilisema huyu mzee ndiye aliyeiokoa shule yetu mwaka ule ilipotaka kufungwa. Wanafunzi wa zamani, ambao sasa wana vitambi na upara, wakapiga makofi: kweli kabisa Madam, ukweli mtupu. Nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki, nikaletewa wali na nyama, nikampa mtoto aliyekaa jirani. Tangu siku hiyo situlii. Nafagia mahali palipofagiliwa. Naanza kusahihisha madaftari naacha katikati, natoka nje kuangalia kuku ambao hawana shida yoyote. Mume wangu ameniuliza mara mbili, "Kwani una nini, Mama Brian?" nami nikamwambia ni presha. Presha gani! Ni mwaka mmoja tu wa ujana wangu, na nimeamua kuuandika kama ulivyokuwa, nione kama miguu itaacha kuniwasha.

Habari za baba na mama sitazileta hapa, wala jinsi shangazi alivyonisomesha kule Butula kwa kuuza viazi vitamu. Hiyo ni hadithi ya kila mtu wa rika langu. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini na moja, cheti cha kidato cha nne chenye alama za kuonea haya, na kazi ya ualimu ambayo sikuwa nimeisomea. Siku zile kamati za wazazi ndizo zilizoajiri watu kama mimi. Serikali inaleta walimu watatu, shule inahitaji wanane, basi wazazi wanachanga na pengo linazibwa na yeyote anayejua kushika chaki. Shule yenyewe ilikuwa nje kidogo ya Busia, pale mji unapochoka na mashamba ya mihogo yanaanza, karibu na mpaka kiasi kwamba mpira ukipigwa kwa nguvu unaangukia Uganda, na mtoto anaenda kuuchukua bila kuulizwa na mtu. Madarasa saba ya mabati. Mvua ikinyesha hufundishi, unangoja tu, watoto wanakutazama na wewe unawatazama.

Halafu ndio mwaka ule masomo ya msingi yakatangazwa kuwa ya bure. Mimi mwenyewe nilishangilia kama mjinga. Sikujua kwamba mzazi akisikia bure, amesikia bure: nani tena atachangia mshahara wa Madam Nekesa? Watoto walifurika Januari, tukakaza wanne dawati la wawili, wengine wakakaa kwenye matofali waliyobeba kutoka kwao. Kwa mwalimu wa kamati, mshahara ukawa ni debe la mahindi hapa, jogoo pale, na "Madam tutaona mwisho wa mwezi." Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Mundika, ukuta wake wa udongo mwembamba kama chapati. Upande wa pili aliishi turnboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, na mkewe, na kila alichokisema huyo mke nilikisikia nikitaka nisitake. Asubuhi moja nakunywa chai ya rangi na muhogo uliolala, namsikia anauliza, "Huyu mwalimu siku hizi analipwa na nani?" Mumewe akajibu, "Analipwa na Mungu." Wakacheka mpaka wakakohoa. Na mimi nikacheka upande wangu, halafu nikajikuta nafuta machozi kwa kanga, halafu nikachukua mkoba na kutembea ule mwendo wa saa moja na zaidi hadi shuleni, kwa sababu ningekaa chumbani ningepasuka.

Chumba cha walimu kilikuwa nusu ya stoo. Tulisahihisha madaftari katikati ya magunia ya maharagwe, na panya walitupita miguuni bila heshima. Kilitenganishwa na ofisi ya Mwalimu Barasa, mwalimu mkuu wetu, kwa mbao zilizoachana, kwa hiyo mambo ya shule yote nilikuwa nayajua kabla ya mkutano. Ndivyo nilivyowasikia, muhula wa pili, Mwalimu Barasa na mwenyekiti wa kamati, Mzee Okiru, Mteso mmoja mrefu aliyeongea polepole kana kwamba maneno yananunuliwa.

"Ni idadi sasa, mzee," Barasa alisema. "Vitabu ni kwa kichwa, chaki ni kwa kichwa, hata mwalimu wa serikali ni kwa kichwa."

"Vichwa si tuko navyo? Vimejaa."

"Ni vya Uganda. Zaidi ya nusu wanalala ng'ambo. Afisa wa elimu anakuja kuhesabu, na akiwatoa hao tumebaki wachache, tunaunganishwa na ile shule kubwa ya barabarani. Sasa niambie, mtoto wa darasa la kwanza atavuka pale katikati ya malori?"

Mzee Okiru akauliza, "Na huyu msichana wa Butula?"

"Nekesa nimemwandikia barua, apelekwe chuo cha ualimu. Ni mwalimu, huyo, anahitaji tu kusomeshwa. Lakini barua inatoka kwa shule. Shule isipokuwepo, hiyo barua ni ya kufungia njugu."

Nilikaa juu ya gunia na kalamu nyekundu mkononi. Mpaka leo sijui kama nimewahi kukitaka kitu kama nilivyoitaka ile barua. Sikuwa na mpango mwingine. Rafiki zangu wawili walikuwa wameolewa na madereva, mmoja ameshaachwa Mombasa. Nilitaka kusimama mbele ya darasa nikijua ninachokisema, basi. Kutoka siku ile kila mtoto aliyeingia langoni nilimhesabu: huyu wetu, huyu wa kule, huyu wetu, hawa watatu wa kule.

Na kati ya wa kule alikuwapo Nabwire. Nilikuwa mwalimu wa darasa la saba, ambalo ndilo lililokuwa la kwanza kabisa kufika juu kiasi hicho katika shule yetu. Mwaka ufuatao wangefanya mtihani wa taifa, na kila mtu alijua nani ataongoza. Nabwire alikuwa na miaka kumi na tatu, mrefu, mkimya, anavuka kijito kila asubuhi viatu mkononi na bado anafika kabla ya wale wanaolala mita mia kutoka shuleni. Jina lake halikusaidia kumjua ni wa upande gani, maana Nabwire wako huku na wako kule, ni jina la mtoto wa kike aliyezaliwa usiku tu. Siku moja nafundisha kugawanya sehemu. Nimeandika ubaoni, nimejaza ubao mzima, jibu linakuja la ajabu nami naendelea kulitetea. Nabwire akanyoosha mkono. "Nisamehe Madam, hapo si tunageuza ile ya pili?" Aibu! Nikasema nilikuwa nawapima kama wako macho, wakacheka, mambo yakaisha. Lakini yeye hakucheka. Aliinamisha uso kwenye daftari ili asinione nikifuta ubao. Angecheka ningemsamehe siku ile ile. Ni huko kunihurumia ndiko kulikonichoma, na nilikaa na mchomo huo wiki nzima bila kumwambia mtu.

Tulipewa taarifa ya wiki mbili kabla ya Afisa kuja. Mwalimu Barasa alituita kwenye stoo akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza mashindano ya kwaya, kwamba kila mtoto lazima ajue kwao ni wapi. Alipendelea mimi nisimamie. Na niseme ukweli, niliifurahia ile kazi. Kila siku kabla ya kengele ya chakula nawapanga. "Unaishi wapi?" "Mundika!" "Wewe?" "Matayos!" "Toka Matayos unakuja kwa miguu kila siku? Wewe sema Mundika." Niliwafundisha kwamba hakuna kitu kinaitwa P Fo, ni darasa la nne. Kwamba bendera ni hii na si ile yenye ndege. Kwamba mtu mzima haitwi ssebo, anaitwa mwalimu au mzee. Jina la chifu, jina la naibu wa chifu, wimbo wa taifa beti zote, hata mimi sikuwa nazijua zote. Mwisho wa wiki mbili ungewapeleka watoto wale Nairobi wakaombe kura. Nikamwambia Mwalimu Barasa, "Mwalimu, hata mimi sasa naamini ni wa kwetu." Akacheka sana. Sikuona aibu hata chembe. Niliona barua.

Afisa alikuja asubuhi, ndani ya suti ya kahawia, mtu mpole mwenye tumbo dogo na mikono safi. Tulimchinjia jogoo. Akanywa chai ya maziwa na mandazi ofisini, akatuuliza habari za familia zetu, akasifu maua yaliyopandwa mbele ya bendera. Alikuwa mtu wa huku huku, amekula vumbi la mpaka huu tangu utotoni, na hilo ndilo hatukulifikiria. Tulipomtoa nje watoto wamepangwa kwa madarasa, viatu vimepakwa mafuta ya kupikia viling'ae, nikasimama karibu na la saba. Afisa hakuuliza mtu anaishi wapi. Hakuuliza chifu. Aliinama kwa kitoto cha darasa la kwanza, akakishika bega kama babu yake, akauliza:

"Mwanangu, jana jioni mlikula nini nyumbani?"

"Posho, ssebo."

"Na mboga?"

"Mukene."

Jamani! Sijui kama mtu wa mbali ataelewa jinsi tulivyokufa pale. Chakula ni kile kile. Huku tunasema ugali na omena, kule wanasema posho na mukene. Unga ni mmoja na samaki ni wa ziwa moja. Mimi mwenyewe unga wangu ulikuwa wa Uganda, nani alikuwa na pesa ya ule mwingine? Wiki mbili tumewafundisha bendera na chifu, hakuna mwalimu hata mmoja aliyekumbuka kwamba watoto hula.

"Wa posho simameni hapa kando ya bendera," Afisa akasema bila hasira. "Wa ugali simameni pale." Akaanza kupita. Posho. Ugali. Posho. Posho na kinyebwa, ule mchuzi wa njugu. Posho, ssebo. Mstari wa bendera ukawa mrefu, ukapinda, ukapita tangi la maji. Mwalimu Barasa alikuwa anatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga virago kichwani: nitauza godoro, sufuria nitarudi nazo Butula, shangazi nitamwambia nini?

Halafu likatokea jambo ambalo hakuna mtu mzima angeweza kulipanga. Mwaka ule ulikuwa wa njaa kidogo, na watoto waliwahi kuona mistari ya namna hiyo, wakati wa kugawiwa uji. Wa ugali wakawatazama wenzao wamesimama kule kwa wingi, karibu na jiko la shule. Wakaanza kunong'onezana. Afisa akamfikia mjukuu wa Mzee Okiru, kijana wa darasa la tatu, Mkenya wa damu na mifupa, babu yake amesimama pale pale na fimbo.

"Wewe ulikula nini?"

"Posho!" akajibu kwa nguvu, na kabla hajaambiwa akakimbia kupanga foleni. Aliyemfuata akasema posho. Aliyemfuata akasema posho mbili. Basi mstari wa ugali ukavunjika, watoto mbio kuvuka uwanja, "Posho! Posho! Hata mimi posho!" wanasukumana, kiatu cha mtu kimebaki katikati. Afisa alicheka mpaka akatoa kitambaa akafuta macho. Mwalimu Barasa akauona mlango akaingia: "Bwana Afisa, si unaona? Watoto ni watoto. Utamtoa nani hapo?"

Laiti ingeishia hapo ningekuwa naisimulia harusini. Lakini Afisa hakuwa mjinga. Alirudi ofisini, akala jogoo taratibu, akanawa, ndipo akaniita. Barasa alikuwa amekaa upande wa dirisha.

"Madam," Afisa akasema, "mimi sina haja ya kufunga shule ya mtu. Lakini nikiandika kwamba hapa mpakani hakuna hata mtoto mmoja wa ng'ambo, wakubwa wangu watasema nimekula kuku nikafumba macho. Na kuku nimekula. Kwa hivyo nipeni jina moja. Mmoja tu anayevuka, wa darasa la juu, nimwondoe kwa rejista, ripoti ionekane ina macho. Wengine wote nitawaandika."

Nikamtazama Mwalimu Barasa. Alikuwa anaangalia viatu vyake. "La saba ni la Madam," akasema. "Yeye ndiye anawajua."

Nilikuwa na watoto kumi na wanne wa ng'ambo katika darasa lile. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kuomba dakika kumi nifikirie. Nilisema, "Nabwire." Sikuvuta hata pumzi. Mara nyingi usiku tangu hapo nimejipa sababu: kwamba ana akili, atasoma popote, kwamba ni mkimya, hatalia mbele ya watu. Ni sababu nzuri, lakini zilikuja baadaye. Jina ndilo lililotangulia, lilikuwa limekaa mdomoni tangu ile siku ya ubao, na kwa hilo sisamehewi na nafsi yangu, potelea mbali watu waseme nini.

Alasiri hiyo hiyo Mwalimu Barasa mwenyewe ndiye aliyemwita mbele ya shule. Alitumia maneno ya upole, "taratibu mpya", "si kosa lako". Nabwire akaingia darasani, akatoka na mfuko wake wa plastiki, akarudisha kitabu cha hisabati cha shule juu ya meza yangu, ukurasa umekunjwa pale tulipofikia. Akaondoka. Wenzake walikuwa wanamtazama yeye, mimi nilikuwa nasahihisha kitu ambacho hakikuwepo.

Nilivumilia siku nne. Jumamosi nikavuka. Sikujua naenda kufanya nini. Nilijua tu kwamba siwezi kukaa Mundika nikisikiliza turnboi na mkewe. Niliuliza uliza nikaelekezwa chumba kimoja katika ploti ya vyumba sita, kimefagiliwa mpaka sakafu ya udongo inang'aa, kitanda kimezibwa kwa pazia la maua. Mama yake alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, anashona nguo za shule kwa cherehani ya mguu. Aliponiona alisimama haraka uzi ukakatika. "Mwalimu! Mwalimu amekuja mwenyewe! Nabwire, weka chai." Nabwire alikuwa nje anatwanga njugu. Aliingia, akanisalimu, akaweka chai, akarudi kutwanga. Nililetewa viazi vitamu na chumvi pembeni.

"Mimi si mtu wa huku, Madam," mama akaniambia, magoti yetu yakigusana, chumba kilikuwa kidogo hivyo. "Mimi ni wa Matayos. Baba yake alipotuacha nikatafuta nyumba, nikaona huku kodi ni afadhali. Lakini mtoto nilimzalia upande wenu, nikamwandikisha, nikamchukulia cheti." Akavuta kopo la biskuti chini ya kitanda, akatoa karatasi iliyofungwa ndani ya nailoni mara tatu. Cheti cha kuzaliwa. Cha Kenya, muhuri, sahihi, kila kitu.

Niliisoma ile karatasi mara mbili. Watoto wote tuliowakaririsha wiki mbili nzima, wengi wao hawakuwa na karatasi ya nchi yoyote. Aliyekuwa nayo alikuwa ni huyu mmoja, na ndiye niliyemtoa. Hatukumuuliza mtu mtoto wake alizaliwa wapi. Sisi wa mpakani tunamjua mtu kwa mahali anapolala.

"Mpelekee mwalimu mkuu," mama akasema, akanifunga vidole juu ya karatasi. "Akiona atamrudisha. Unajua, nilidhani wametutupa. Kumbe kuna mwalimu anaweza kuacha Jumamosi yake avuke kututafuta? Mungu akubariki, mwanangu." Hakujua nani alitaja jina. Nilimeza kiazi. Sikusema. Nje mchi ulikuwa unagonga bila kukosea.

Jumatatu Mwalimu Barasa alikishika kile cheti kwa ncha za vidole. "Nani mwingine amekiona?"

"Ni mimi tu."

"Haya. Ukikipeleka kwa Afisa atauliza ilikuwaje ukamtajia mtoto wa Kenya. Akishauliza hilo atauliza na hao wengine, vyeti vyao viko wapi. Atarudi, Nekesa. Na akirudi hataulizia chakula."

"Kwa hivyo tufanye nini, Mwalimu?"

"Mimi nina watoto wa darasa la kwanza na malori. Wewe ni mtu mzima." Akafungua droo. Barua yangu ilikuwa pale, imepigwa taipu vizuri, haina muhuri. "Niambie wewe."

Hakunitisha, na sitaki mtu aseme alinitisha. Alikuwa amechoka, na alikuwa na haki kuhusu malori. Lakini mimi sikuwafikiria watoto wa darasa la kwanza hata sekunde moja. Nilinyoosha mkono, nikachukua cheti, nikakirudisha kwenye mkoba wangu. Akapiga muhuri. Cheti kile kilikaa chini ya nguo zangu ndani ya sanduku miezi mitano. Nilikuwa nikifungua kutafuta sketi, nailoni inalia. Nilihamisha sanduku, nikaliweka juu ya kabati, nikalirudisha chini. Watoto wa ng'ambo wakaniletea habari bila kuulizwa: Nabwire amepelekwa shule ya kule, wamemrudisha madarasa mawili nyuma, Nabwire ameacha, anamsaidia mama yake kushona, Nabwire anauza nailoni sokoni. Nilipokuwa naenda chuo, nilimpa mtoto mmoja kile cheti akirudishe, na maneno ya kusema: Madam anasema alijaribu, ilishindikana. Sikuvuka mwenyewe tena.

Hivyo ndivyo shule ilivyookolewa. Ipo mpaka leo, ina ghorofa moja na choo cha maji, na watoto wa ng'ambo wangali wanavuka kijito, ila siku hizi kila mtoto anaingizwa kwenye kompyuta kwa namba ya cheti, na walimu wakuu wana ujanja wao mpya ambao si kazi yangu kuusema. Nami nimefundisha miaka zaidi ya ishirini. Nafundisha vizuri. Kugawanya sehemu nafundisha mpaka mtoto mzito anaelewa. Wakati wa mazishi nilipoambiwa, "Madam, wewe na Mwalimu Barasa mlituokoa," yule aliyesema alikuwa ni mmoja wa wale kumi na watatu ambao sikuwataja. Yeye ndiye aliyenipa habari, katika maongezi tu, kwamba Nabwire yuko Malaba, ni wakala wa forodha, anashughulikia karatasi na ushuru wa mizigo ya malori, na ni mkali.

Wiki iliyopita nilimwambia mume wangu naenda hospitali kupimwa presha, nikaenda Malaba. Ofisi yake ni kontena iliyokatwa dirisha, nyuma ya foleni ya malori ambayo siku hiyo haikuwa na mwisho. Ndani kuna meza mbili, feni, kalenda, na sahani ya matumbo iliyofunikwa kwa sahani. Alinitambua kabla sijavua miwani. "Madam Nekesa! Ingia, kaa, toa hizo faili tu ukae." Amenenepa, ana miwani yake pia. Madereva waliingia na kutoka wakimwita boss. Alimgombeza turnboi mmoja aliyeleta karatasi zenye mafuta, kisha akamwagizia chai. Nilikaa pale karibu saa nzima nikishika mkoba. Nilisema pole kwa foleni, nilisema joto limezidi, nilisema mzee Barasa tumemzika vizuri. Kila nikitaka kuanza mtu anaingia. Mwishowe nikainuka, nikafunga mlango wa kontena mwenyewe, likawa giza kidogo.

"Nabwire, siku ile ya Afisa, aliyetaja jina lako ni mimi."

Alikuwa anajaza fomu. Alimaliza mstari.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Yule Afisa alinifuata mpaka kwa gate, akaniambia nisimlaumu mzee Barasa, aliyenitaja ni mwalimu wangu wa darasa."

"Kwa hivyo nilipokuja kwenu Jumamosi..."

"Nilikuwa najua, Madam."

"Na hukumwambia mama yako?"

Akavua miwani akaiweka juu ya fomu. "Ningemwambia aje? Alikuwa amefurahi vile ulikuja. Hakuna mtu alikuwa anakuja kwetu. Alikuombea, unajua? Kila jioni, mpaka mwaka juzi alipokufa. Mungu mlinde yule mwalimu aliyevuka kuja kututafuta. Na tulikuwa wawili tu nyumbani, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa naitikia amina."

Nje dereva alikuwa anagonga kontena kwa kiganja, boss, boss, karatasi zangu. Nilitaka kusema pole, neno dogo hilo. Badala yake nikauliza kitu ambacho sikuwa na haki ya kukiuliza.

"Ulipokuwa unaitikia, ulikuwa unamaanisha?"

"Mama alikuwa anasikiza," akasema, akaenda kumfungulia dereva.